Ami anataka nisomee biashara, mimi nimekuja kusoma bahari

Assalamu alaykum bibi, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 21, kwetu ni kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Sasa niko Marekani, jimbo la Maine, mwaka wa tatu wa chuo, nasomea biolojia ya bahari. Ufadhili wangu unalipa ada na bweni kwa mihula 8, na huu ni wa 6. Tiketi, bima ya afya na matumizi yangu madogo madogo analipa ami yangu aliyeko Muscat, mwenye duka la vipuri vya magari. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la sita. Mama analima mwani.

Wiki mbili kutoka leo tunajiandikisha kozi za mwaka wa mwisho, na usingizi umenipaa.

Huku mwanafunzi ana fani kuu, sisi wenyewe tunaiita meja, na akipenda anaongeza fani ndogo, maina, yaani kozi chache za fani nyengine. Maina ya biashara hapa chuoni ni kozi 6, krediti 18 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi): uchumi, takwimu, uhasibu, masoko, uongozi na fedha. Nilimtajia ami siku moja, kwa mazungumzo tu, na tangu siku hiyo hakuna habari nyengine. Ananipigia kila Ijumaa akitoka msikitini. "Mwanangu, samaki hawalipi mshahara. Shika biashara, hakuna ofisi isiyotaka mtu wa biashara." Hajanitisha, wala hajasema atakata msaada. Ni mtu mwema, bibi, ndiye aliyetulea baada ya baba. Ndiyo maana ulimi unakuwa mzito kumkatalia.

Mshauri wangu wa masomo anasema maina haitanidhuru. Mwenzangu wa chumbani, msichana wa Kikenya anayesoma kompyuta, ameshachukua ya kwake na anasema bila maina ya biashara waajiri hawafungui hata barua yako.

Lakini si wao tu. Na mimi mwenyewe nimeanza kuyumba, na nitakueleza kwa nini.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani. Siku ya kupima mwani nilimsaidia mama kubeba viroba hadi chini ya mti wa mkungu, pale wakala anapotundika mzani. Aliingiza mkono ndani ya kiroba, akatoa mwani kiganja kimoja, akaukunja, akasema bado una maji. Akakata kilo 3 kila kiroba. Mama alikuwa ameuanika siku tatu, na usiku ule mvua ilipotishia tuliamka sote kuufunika. Nilimtazama nikingoja aseme kitu. Hakusema. Kamba na tai-tai, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani, anapewa na wakala huyo huyo, kwa hiyo kumuuzia mtu mwengine hawezi.

Usiku nilifungua daftari lake. Analiweka ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Kila mwezi ana ukurasa wake. Mwezi ule aliandika: kilo 84 kwa shilingi 700, jumla 58,800. Tai-tai 6,000. Gari la ng'ombe 5,000. Chini kabisa, kwa mwandiko wa pole pole: zimebaki 47,800. Kurasa za nyuma zote zilikuwa namna hiyo hiyo. Nilikaa na lile daftari mpaka betri ya simu ikaisha. Mimi najua jina la Kilatini la mwani wa mama, najua seli zake, najua kwa nini kotonii, aina moja ya mwani, inaoza maji yakipata joto. Sijui kwa nini kilo yake ni shilingi 700 na si 1,500. Nilijiona sina faida yoyote.

Nimepiga hesabu. Mwisho wa muhula huu nitakuwa na krediti 90 kati ya 120. Za meja zimebaki 19, pamoja na tasnifu, na kozi moja ya lazima ya fasihi, krediti 3. Nikiongeza 18 za biashara zinakuwa 40 kwa mihula miwili, na chuo kinaruhusu 18 tu kwa muhula bila kulipia ziada. Maana yake nibaki muhula wa 9, na ufadhili hauna muhula wa 9. Ami anasema ataulipa. Najua hana pesa hiyo, duka lenyewe amekopea. Pia ufadhili unataka wastani wa alama usiopungua 3.0, mimi nina 3.2, na uchumi niliosoma mwaka wa kwanza nilipata B ya chini.

Tasnifu yangu ni ya kelpi, mwani wa kahawia wanaoulima huku kwenye maji baridi. Maabara tunaotesha miche yake kwenye uzi mwembamba uliozungushwa kwenye bomba, kisha wakati wa vuli uzi unapelekwa baharini kwenye kamba ndefu. Wiki za mwanzo huoni kitu. Halafu asubuhi moja uzi unakuwa na rangi ya chai, na ukiusogeza kwenye taa unaona majani madogo kama kucha ya mtoto mchanga. Nikiwa pale nasahau hata kula. Pia nilitaka kuchukua kozi ya upigaji mbizi wa kisayansi muhula wa mwisho, lakini hiyo nimeshaifuta.

Nilimuuliza mama. Alisema, "Soma ulichokiendea." Nikamwambia, je, na ami? Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimenunua koti.

Nichukue maina, bibi? Nikiacha na baadaye nikakosa kazi, nitamtazama vipi ami? Na nikichukua nikafeli tasnifu, je?

Ni mimi, Mtoto wa Bamvu.

Jibu

Waalaykumu salaam, mwanangu, na marahaba. Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaiweka, nikairudia baada ya magharibi.

Nianze na hesabu, kwa sababu nadhani zinakutisha kuliko zinavyostahili. Umeandika kwamba maina ni kozi 6, na moja ni uchumi. Mistari michache mbele umeandika kwamba uchumi uliusoma mwaka wa kwanza. Basi kwa nini umeuhesabu tena? Kozi uliyokwisha kuisoma na kufaulu kwa kawaida huingia kwenye maina bila kurudiwa, hata kama B yake ni ya chini. Halafu takwimu. Mwanafunzi wa biolojia ya bahari akifika mwaka wa tatu mara nyingi ameshasoma takwimu za biolojia, na vyuo vingi huikubali kozi hiyo badala ya takwimu za biashara. Vingine hukataa. Muulize mkuu wa idara ya biashara, na jibu lake ulipate kwa maandishi, si kwa mdomo kwenye korido.

Wakikubali zote mbili, zimebaki kozi 4, krediti 12. Weka juu yake 22 zako za lazima, unapata 34, yaani 17 kila muhula. Muhula wa 9 umeondoka. Wakikataa takwimu, unapata 37, na krediti moja tu inavuka mpaka. Hiyo nayo ina dawa, kwa mfano kozi moja ya kiangazi kwenye chuo cha bei nafuu, alimradi chuo chako kimekubali kuihamisha kabla hujalipa.

Angalia na mpangilio. Kozi ya fedha mara nyingi haifunguki mpaka uwe umemaliza uhasibu. Ukikosa nafasi ya uhasibu vuli hii, mnyororo wote unakatika na maina haikamiliki hata krediti zikitosha.

Kuhusu huo muhula wa 9, nakuomba usiushike kama njia ya akiba, hata ami akisema analipa. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, ana tarehe ya mwisho kwenye fomu yake ya I-20, anayopewa na chuo. Kuiongeza, ombi lazima liingie kabla tarehe haijapita na liwe na sababu nzito ya kimasomo au ya ugonjwa. Maina uliyojiongezea mwenyewe si kila ofisi ya wanafunzi wa kigeni itaiona kuwa sababu nzito. Nenda kwa afisa wenu mapema, kwa sababu sheria hizi hubadilika na yeye ndiye anayeziona zikibadilika.

Sasa ami. Anaposema hakuna ofisi isiyotaka mtu wa biashara, anasema alichokiona. Amefungua duka ugenini, amekopa, amelea watoto wa nduguye. Kwake biashara ndiyo kamba iliyomwokoa. Usimpuuze. Lakini kuna jambo moja huenda hajui, na pengine hata wewe hujaliangalia kwa karibu. Ukimaliza shahada unaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi huko miezi 12, ile inayoitwa OPT, na kwa kuwa fani yako imo kwenye orodha ya sayansi, unaweza kuomba uongezewe miezi 24. Kazi hiyo lazima ihusiane moja kwa moja na meja yako. Maina haihesabiki. Ukipata kazi ya masoko katika kampuni ya viatu kwa nguvu ya maina yako, haitakufaa kwa OPT. Biashara itakusaidia ndani ya kazi ya bahari: shamba la kelpi linalotaka mtu anayejua miche na pia anayejua kusoma mizania, au mradi wa uvuvi unaohitaji bajeti. Hapo ina maana sana. Kama mlango wa pekee wa kuajiriwa Marekani, mlango huo haupo.

Na mwenzako wa chumbani yuko sahihi kwa upande wake. Mtu wa kompyuta anashindana na maelfu wenye shahada ileile, na maina inampa kitu cha kuzungumza kwenye usaili. Wewe ukikaa mbele ya mwenye shamba la kelpi, sidhani swali lake la kwanza litakuwa la masoko. Atakuuliza umeshawahi kuteremka majini kwenye maji ya nyuzi chache za joto au la. Tena, katika vyuo vingi vya Marekani maina haiandikwi kwenye cheti chenyewe, inaonekana kwenye nakala ya matokeo. Na ukirudi nyumbani, wengi watakaosoma karatasi zako hawajawahi kulisikia neno hilo. Watataka kujua unaweza kufanya nini.

Nije kwenye daftari la mama, maana naona ndilo lililoandika barua hii.

Nilichukua kalamu nikakaa nalo kama ulivyokaa wewe. Mama anasema zimebaki 47,800. Sawa. Lakini mwezi una bamvu mbili, yaani nyakati mbili za maji makubwa. Tuseme kila bamvu anaingia pwani siku 7, na maji yakipwa anafanya kazi saa 4 kabla hayajarudi. Hizo ni siku 14, saa 56. Gawanya 47,800 kwa 56. Ni kama shilingi 850 kwa saa, na hapo sijahesabu siku za kuanika, wala usiku ule wa mvua, wala wewe uliyebeba viroba bure. Daftari halikukosea hata shilingi moja. Lakini kuna kitu kimoja halikukiweka, nacho ni mama mwenyewe. Kazi yake haina bei popote kwenye ukurasa.

Hilo, mwanangu, ni somo la uhasibu, la wiki za mwanzo kabisa. Nimekuonyesha ili uone kwamba kozi moja nzuri ya uhasibu inaweza kukupa macho ya kulisoma lile daftari upya. Sikuonyeshi ili uchukue kozi sita. Na pia uone mpaka wake. Uhasibu utakuambia kwamba mama anapata 850 kwa saa. Hautakuambia kwa nini wakala anaukunja mwani kiganjani na mama ananyamaza.

Ukimya huo una historia. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko kwenu Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu mwanzo mnunuzi ndiye aliyeleta kamba. Aliyepewa kamba anamuuzia aliyempa. Wanunuzi ni wachache, wakulima ni wengi, na wengi wao ni wanawake. Mwani mwingi unaondoka ukiwa mkavu kwenye magunia, unakwenda kusindikwa mbali, na kile kinachotolewa ndani yake kinarudi kikiwa ndani ya dawa ya meno na aiskrimu. Bei haipangwi chini ya mkungu. Halafu kuna aina mbili, unazijua kuliko mimi: spinosumu inayostahimili lakini bei yake ndogo, na kotonii yenye bei nzuri ambayo imekuwa ikifa kila maji ya kina kifupi yakichemka. Kotonii inataka maji ya kina, na wanawake wengi wa pwani yenu hawakufundishwa kuogelea.

Soma tena barua yako mwenyewe. "Pia nilitaka kuchukua kozi ya upigaji mbizi wa kisayansi muhula wa mwisho, lakini hiyo nimeshaifuta." Mstari mmoja. Umeifuta kabla hujaniuliza. Daftari umelieleza mpaka mfuko wake wa plastiki, miche umeieleza mpaka rangi yake kwenye taa, na kozi tano za biashara zilizobaki umezitaja kwa majina yake tu ukapita. Sisemi hilo linathibitisha chochote. Pengine hujazipenda kwa sababu hujazijua. Lakini mbizi hukuipa hata nafasi ya kushindana, nami nataka kujua kwa nini. Je, ni kwa sababu haiwezi kusemwa kwenye simu ya Ijumaa?

Maana hapa ndipo gharama ya maina ilipo. Ada huongezi, ukipanga vizuri. Unachokilipa ni nafasi. Ulikuwa na krediti 8 za hiari mwaka wa mwisho, yaani 30 zilizobaki ukitoa 22 za lazima. Maina inazimeza zote na kudai 4 zaidi juu yake. Kozi ya mbizi ikiwa ya krediti 4, pamoja na maina unafika 38, na mlango unafungwa. Basi usijiulize tu kama maina ni nzuri. Jiulize inakaa mahali pa nini.

Ukichukua maina yote, utakuwa na krediti 17 kila muhula. Kipimo cha vyuo vya huko ni saa moja darasani na mbili nje yake kwa kila krediti, kwa hiyo ni saa kama 51 kwa wiki, bila kuhesabu kazi ya chuoni kama unayo. Maabara haifuati kipimo hicho, miche haijui Jumapili. Kwenye wastani umeacha nafasi ya 0.2 tu. Wako wanaoweza, na pengine wewe ni mmoja wao. Lakini muhula mmoja mbaya ukikushusha chini ya 3.0, kinachotikisika ni ufadhili wenyewe. Faida yake nayo si ndogo: unamaliza na lugha mbili, ya bahari na ya pesa, na ami anapata la kuwaambia wenzake Muscat. Usidharau hilo la mwisho. Furaha ya mzee aliyejinyima ni jambo kubwa, ila uzito wake usiwe umeubeba peke yako bila yeye kujua.

Iko njia ya katikati, nayo ina kasoro yake. Unachukua uhasibu vuli, na kozi moja nyingine ya biashara baadaye kama ya kwanza imekupendeza. Ukiweka na mbizi, unapata 22 na 6 na 4, yaani 32, au 16 kwa muhula. Inakaa. Unapata macho ya daftari na unabaki na maji. Lakini neno maina halitaandikwa popote. Ami akiuliza umepata nini, huna jina la kumpa, na utalazimika kumweleza. Kwa mtu mwenye haya kama wewe hilo ni gumu kuliko krediti 40.

Uliza pia kama chuo kina maina ya uchumi wa maliasili au wa mazingira. Mara nyingi hizo huingiliana na kozi za sayansi, na baadhi ya vyuo huruhusu kozi moja au mbili kuhesabiwa pande zote. Swali lako la bei ya kilo, wanunuzi wachache na kamba za mkopo linakaa zaidi huko kuliko kwenye kozi ya masoko iliyoandikwa kwa ajili ya maduka makubwa ya Marekani. Hatari yake ni kwamba nayo itadai nafasi, na ami hataitambua kuwa ni biashara.

Na unaweza kuiacha biashara kwa sasa, ukamaliza bahari kwa nguvu zote. Shahada ya uzamili ya biashara inapokea watu wa fani yoyote, na wengi huiendea baada ya kufanya kazi miaka kadhaa, wakiwa na maswali yao mkononi. Maabara yenye miche na mwalimu anayekujua kwa jina si rahisi kuirudia. Ila nisikufiche: wengi wanaosema "baadaye" baadaye haiji. Inakuja ndoa, wanakuja watoto, mama anazeeka, na uzamili ni ghali. Ukichagua hivi, chagua ukijua hivyo.

Lipo jambo ningependa ulifanye kabla ya wiki mbili kwisha, lolote utakaloamua. Hapo Maine ulipo kuna watu wanaolima kelpi kwa kuuza, wanaoivuna majira ya kuchipua, yaani wakati huu huu. Tafuta mmoja. Omba kwenda naye siku moja kwenye boti, na mkiwa mnakata kamba muulize yale usiyoweza kumuuliza wakala: nani anakununulia, nani anapanga bei, ukikataa bei unauza wapi, kamba ni ya nani. Mkulima wa mwani akimjibu binti wa mkulima wa mwani, utajua mengi kuhusu unachotaka kusoma. Usifanye kazi ya malipo bila ofisi ya kimataifa kukuruhusu. Nenda kama mgeni.

Na ami. Nimejiuliza kwa nini mama alikujibu kwa habari ya koti. Anaishi kwa hisani ya shemeji yake, hawezi kusimama baina yenu, na wewe usimsimamishe hapo. Maneno haya ni ya kwako na ami. Ukimpigia, usianze na maina. Anza na duka. Muulize alipoanza, ni nani aliyemfundisha kuweka hesabu, na kitu gani alitamani angekijua kabla hajakopa. Nadhani hajawahi kuulizwa. Halafu mweleze kisa cha mzani chini ya mkungu, na kilo 3 kila kiroba. Sina hakika kama anakijua. Mtu anayenunua na kuuza vipuri kila siku anaelewa mara moja maana ya kumtegemea mwenye kamba. Huenda akabaki na msimamo wake. Huenda akasema kitu ambacho hakimo kwenye kozi zote sita. Lakini mtakuwa mnazungumza juu ya jambo moja, kwa sababu sasa hivi yeye anaogopa usikose mkate na wewe unaogopa usimvunje moyo, na kila Ijumaa mnaitana kutoka pande mbili za ukuta.

Uliniuliza utamtazama vipi ukikosa kazi. Mwanangu, watu wenye maina hukosa kazi pia, na wasio nayo huajiriwa. Hofu hiyo haitaondolewa na krediti 18. Ningekuomba tu uitenganishe na lile daftari, kwa sababu umevifunga pamoja kwa uzi mmoja. Moja ni hofu ya kesho yako. Lingine ni mapenzi kwa mama yako, na mama hajakuomba umletee bei. Alikuomba usome ulichokiendea. Labda ulichokiendea kimepanuka tangu ulipopanda ndege, na hilo nalo linaruhusiwa.

Andika tena ukishazungumza na idara ya biashara, unieleze wamesemaje kuhusu takwimu. Na mama nisalimie sana. Muulize kama mwaka huu amejaribu tena kotonii, na kama imeshika.